Shaba haijazi behewa: jinsi ya kutengeneza shehena za treni za mfano

Behewa langu la kwanza la mfano lililobeba shaba lilikuwa zuri mno machoni pangu. Nilikata vipande vya mbao, nikavipaka rangi inayong'aa kama sufuria mpya, nikavipanga mpaka vikafika ukingoni. Jirani yangu, mzee aliyetumikia reli miaka mingi kabla ya kustaafu, akaja kuangalia. Aliliinua, akaligeuzageuza, akalirudisha relini na kucheka.

"Bwana mdogo, hili limevunja ekseli kabla halijatoka yadi."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Piga hesabu ya tani, halafu uniite."

Nikapiga. Kama behewa lile lingekuwa la kweli, lingekuwa limebeba zaidi ya tani 200. Mabehewa ya namna ile uwezo wake ni tani 30 au 40. Tangu siku hiyo sianzi mzigo wowote kwa gundi, naanza kwa kalamu na karatasi. Ninachoeleza hapa ni njia ninayoifuata mezani kwangu, kwa vifaa vinavyopatikana dukani kwa Mangi, kwa fundi seremala na jikoni. Vipimo vyote ni vya skeli ya 1:87, ile inayoitwa HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Ukijenga kwa skeli ya N, pale ninapogawa kwa 87 wewe gawa kwa 160.

Chagua reli na mwaka kwanza

Mzigo una kwao na una wakati wake. Boksi la behewa kutoka Ulaya mara nyingi huja na kilima cha plastiki cheusi, makaa ya mawe, na mtu hulitia relini hivyohivyo. Kwa reli zetu jambo hilo lina shida. Zile injini kubwa za mvuke za Garratt za daraja la 59, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki na kuanza kuingia kazini mwaka 1955, zilichoma mafuta, si makaa. Treni inayopanda kutoka Mombasa ikivutwa na injini hiyo, nyuma yake unatarajia matangi ya mafuta, mabehewa yaliyofunikwa na mizigo ya dukani. Ikishuka, unatarajia kahawa, pamba, chai na magadi.

Herufi zilizoandikwa ubavuni mwa behewa nazo zinasema mwaka. EAR&H, yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki, ni kuanzia 1948. Mwaka 1969 bandari zilitenganishwa na reli, jina likabaki EAR, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika kila nchi ikabaki na shirika lake. Kwa hiyo behewa lenye herufi za EAR&H likibeba kontena la kampuni ya meli ya leo, anayeijua reli ataona kosa hata akiwa mlangoni.

Upana wa reli usikunyime usingizi. Reli ya mita moja ikigawanywa kwa 87 ni milimita 11.5. TAZARA, yenye milimita 1067, inatoka 12.3. Reli ndogo ya milimita 12 imekaa katikati na inabeba zote mbili bila jicho kulalamika, ndiyo maana wengi wetu tunaanza na mabehewa ya kampuni ya Bemo yaliyotengenezwa kwa ajili ya reli za mita moja za Uswisi, kisha tunabadilisha rangi na maandishi. Tatizo lake ni dogo na la kuchekesha: Kidatu, mahali ambapo reli ya TAZARA na reli ya mita moja hukutana na mizigo huhamishwa kutoka treni hii kwenda ile, ukiijenga kwa milimita 12 pande zote mbili, mgeni atakuuliza kwa nini wanajisumbua kuhamisha.

Piga hesabu ya tani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua behewa la wazi ambalo ndani lina urefu wa mita 9, upana mita 2.4, kuta kimo cha mita 1.2, na uwezo wa tani 30. Sakafu yake ni mita za mraba 21.6. Likijaa mpaka ukingoni linachukua mita za ujazo 26 hivi. Sasa tia mizigo mitatu tofauti.

Mchanga mkavu una uzito wa tani 1.6 hivi kwa kila mita ya ujazo. Tani 30 ni mita za ujazo 18.75. Gawa kwa sakafu, unapata kina cha sentimita 87. Kwenye skeli yetu hiyo ni milimita 10 kamili, wakati ukuta una karibu milimita 14. Yaani mchanga wa kweli unakaa chini ya ukingo, na mtu aliyesimama stesheni hauoni kabisa. Anayeuona ni wewe unayetazama kutoka juu.

Makaa ya mawe ni mepesi, kama tani 0.8 kwa mita ya ujazo. Hata behewa likijaa mpaka ukingoni hayafiki tani 21. Hapo mpakiaji ana ruhusa ya kurundika kilima kinachopita ukingo, na wewe pia.

Shaba ni karibu tani 9 kwa mita ya ujazo. Tani 30 za shaba, ukizitandaza sakafu nzima, ni kina cha sentimita 15 na nusu. Kwenye HO ni milimita 1.8, unene wa sarafu. Behewa la shaba, kwa macho, ni behewa tupu lenye kitu kidogo sakafuni. Ndicho alichokuwa anakicheka mzee.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na ukishaufanya mara tatu unakuwa kama kuhesabu chenji:

1. Soma uwezo wa behewa kwa tani. Kwenye mabehewa mengi umeandikwa ubavuni.
2. Tafuta uzito wa mita moja ya ujazo ya mzigo wako.
3. Gawa tani za behewa kwa uzito huo. Umepata ujazo.
4. Gawa ujazo kwa eneo la sakafu. Umepata kina.
5. Gawa kina kwa 87.

Ikiwa jibu linazidi kimo cha ukuta, jaza na urundike. Ikiwa ni dogo, acha ukuta uonekane kwa ndani, na uupake vumbi na michubuko kwa sababu sasa utatazamwa.

Kitako kinachotoka

Usigundishe mzigo kwenye behewa. Treni ya kweli huenda na mzigo na kurudi na mwingine au kurudi tupu. Kwenye TAZARA shaba inateremka Dar es Salaam, na mbolea na mafuta vinapanda. Mzigo uliogundishwa unakufanya urudishe shaba ileile Zambia kila jioni.

Pima ndani ya behewa kwa rula, kisha kata kadibodi ngumu iliyopungua nusu milimita kila upande. Ijaribu: igeuze behewa juu chini, kadibodi ianguke yenyewe. Ikikwama sasa, baada ya rangi na gundi itakwama zaidi. Juu ya kadibodi gundisha lile povu jeupe gumu linalofungia televisheni ndani ya boksi, ulichonge kwa kisu chenye makali kufuata umbo la mzigo. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Supagluu inalila povu, na rangi ya kupuliza vilevile. Mimi nilipuliza rangi nyeusi juu ya kilima nilichokichonga saa nzima, nikaenda kunywa chai, niliporudi nikakuta kimekuwa kama jino bovu.

Kabla ya kufunika povu, zamisha ndani yake washa ya chuma, ile pete bapa inayokaa chini ya nati. Ukishamaliza mzigo, kipande cha sumaku kilichogundishwa kwenye ncha ya penseli kitauinua bila vidole kugusa chochote. Tafuta washa inayoshikwa na sumaku, kwa maana za shaba nyeupe na baadhi ya zile zisizoshika kutu hazishikwi.

Kisha paka povu lote rangi ya mzigo unaokuja juu yake. Usiruke hatua hii. Chembe moja ikidondoka baadaye, weupe wa povu unachungulia kama meno.

Mizigo ya kumwaga: mchanga, kokoto, makaa

Ukubwa wa chembe ndio unaoharibu kazi za wengi. Kokoto ya reli ya sentimita 5 kwenye HO ni milimita 0.6. Bonge la makaa la sentimita 10 ni zaidi kidogo ya milimita 1. Changarawe uliyookota nje, hata ile unayoiona ndogo, ndani ya behewa inageuka mawe ya ukubwa wa viazi mviringo na mengine ya ukubwa wa mbuzi. Pepeta kwanza kwa chujio la chai, kisha kinachopita kipepete tena kwa soksi ya nailoni. Kilichobaki ndani ya soksi ni kokoto, kilichopita ni mchanga.

Tukiwa pwani tunadhani mchanga tunao wa bure. Tunao, ila una chumvi, na chumvi huvuta unyevu, ikaacha ukungu mweupe juu ya mzigo na kutu kwenye ekseli. Usuuze mchanga wa bahari kwa maji baridi ya bomba mara tatu nne, uanike. Kisha upitishe sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Utashangaa chembe nyeusi zitakazoruka na kushika. Chembe hizo zina chuma, na zikidondoka relini zinaifuata sumaku ya mota ya injini yako. Injini moja nimeizika hivyo.

Kwa makaa ya mawe, ponda mkaa wa jikoni ndani ya kitambaa kwa nyundo. Rangi inakubali ila mng'ao hapana: mkaa umefifia, makaa ya mawe yanang'aa-ng'aa kwenye kingo. Baada ya gundi kukauka, gusisha brashi yenye vanishi kidogo hapa na pale, usipake kote.

Jihadhari na vya kuliwa. Ulezi una umbo zuri na ufuta unashawishi, lakini nilipotumia ulezi kama kokoto nilipata sisimizi ndani ya wiki, na waliobaki hai baada ya dawa walikuwa ni funza wa nafaka.

Kuhusu umbo: mzigo uliomwagwa kwa mdomo wa juu hufanya kilima kimoja au viwili vilivyochongoka. Uliopakiwa kwa sepetu la mashine hufanya vilima vitatu vinne vidogo mfululizo, kila kimoja ni mwaga mmoja. Pembeni hushuka kwa mwinamo wa nyuzi 35 hivi, si zaidi, kwa hiyo ukichonga kama paa la msonge umekosea. Na treni ikishatembea mtikisiko hulaza vilele. Kama treni yako inaonekana ikiwa njiani mbali na machimbo, lainisha vilele. Kama imesimama machimboni, viache.

Kugundisha: paka gundi nyeupe juu ya povu kwa brashi, nyunyiza chembe, kandamiza kwa kidole kilicholowa. Ikikauka, changanya gundi na maji nusu kwa nusu, tia tone la sabuni ya vyombo ili mchanganyiko uzame badala ya kukaa juu kama umande, na udondoshee kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Acha usiku kucha. Masika, kwetu huku, acha siku mbili.

Mzigo usioonekana: magadi, saruji, mafuta

Magadi ya kiwandani hayapendi mvua, yakilowa yanaganda. Vivyo hivyo saruji. Mizigo hii husafiri imefunikwa, na anayeitaka ionekane anaitengeneza nje ya behewa, kwenye bati. Treni iliyotoka Magadi kupitia Konza hujulikana kwa weupe wake. Saga chaki ya shule iwe unga, uchukue kwa brashi laini, upake kuzunguka vifuniko vya juu na kwenye milango ya kumwagia chini, kisha vuta brashi kwenda chini kufuata njia ya maji ya mvua. Saruji ni hivyohivyo ila unga uwe wa kijivu. Tangi la mafuta lina doa moja tu la lazima: mchirizi mweusi unaong'aa unaoshuka kutoka kwenye kifuniko cha kujazia. Dakika kumi, umemaliza.

Robota za katani

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na mwaka huohuo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliingiza katani Tanganyika kwa miche 62 tu iliyosalimika safarini. Anayejenga reli hiyo bila katani amejenga reli ya mahali pengine.

Nilianza kwa kosa la kiburi. Nilisema, mimi ni mtu wa Tanga, nitatumia katani yenyewe. Nikafumua kamba, nikakata nyuzi, nikafunika kipande cha mti. Kilichotoka kilifanana na kifagio. Uzi mmoja wa katani wenye unene wa robo milimita, ukiukuza mara 87, unakuwa mnene kama kidole gumba. Kitu halisi hakikubali kupunguzwa skeli.

Njia iliyofaulu ni hii. Kata kijiti cha mti laini, urefu milimita 13, upana 8, kimo 7. Kingo nne ndefu zipunguze kwa msasa kidogo tu, kwa sababu robota limebanwa na mashine na lina uso ulionyooka, lakini si tofali. Chukua uzi wa kufumia wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo sana, uchambue kwa sindano mpaka uwe manyoya. Paka kijiti gundi, laza manyoya yakielekea upande mmoja, kufuata urefu. Funika kwa kipande cha mfuko wa plastiki ili gundi isishike, kisha bana katikati ya rula mbili na uache. Likikauka, kata manyoya yaliyochomoza kwenye ncha mbili kwa wembe: hapo unapata zile ncha zilizokatwa ambazo ndizo zinazolitambulisha robota la katani kwa mbali. Mwisho funga uzi mwembamba wa kahawia mara nne kukatisha, ukaze mpaka uingie ndani kidogo. Kukaza huko ndiko kunakoleta uzito machoni.

Rangi zisilingane. Katani ya daraja la kwanza ni nyeupe ya krimu, ile ya chini ina ukijivu na ubichi. Katika kila robota kumi, mbili tatu zichovye kwenye chai iliyopoa. Ubavuni robota huwa na alama ya shamba na daraja, kama 3L au UG. Kwa skeli yetu alama hiyo ni doa la wino lisilosomeka, na ukijaribu kuiandika ikasomeka umeikuza mno.

Robota moja la kweli ni kilo 250, kwa hiyo tani 30 ni robota 120. Usitengeneze 120. Tengeneza zinazoonekana, katikati uweke boksi la kadibodi. Katani ikilowa inaharibika, kwa hiyo behewa la wazi lifunike turubai kwa sehemu, au tumia behewa lenye mlango wa kusukuma ulioachwa wazi, robota kumi zikionekana mlangoni na mpakiaji mmoja amezikalia.

Pamba ya Mwanza na Shinyanga fanya vivyo hivyo, ila badala ya manyoya funika kijiti kwa kitambaa chepesi cha bandeji kilichopakwa gundi, na acha weupe uvimbe kidogo katikati ya kamba na kamba.

Magunia ya kahawa

Gunia ni kilo 60. Tani 30 ni magunia 500, na nilishasema kuhusu kutotengeneza visivyoonekana.

Nunua lile dongo la mafundi bomba la kuchanganya sehemu mbili, linaloganda lenyewe. Lisokote liwe kama tambi ya milimita 6, lilaze libaki kimo cha milimita 3, kata vipande vya milimita 10. Bana pembe nne za kila kipande kwa vidole viwili, utapata masikio ya gunia. Gandamizia soksi ya nailoni juu yake, utapata mfumo wa jute.

Siri iliyobaki ni haraka. Yapange yakiwa bado laini. Gunia la juu lazima lilale juu ya mgongo wa mawili ya chini, lizame pale yanapokutana, na la pembeni liteleze kidogo. Magunia yaliyokauka kwanza kisha yakapangwa hukaa kama mikate ya boflo kwenye kabati la kioo. Rangi: kahawia iliyopauka, kisha kahawia nzito iliyotiwa maji mengi ili iingie mitaroni, kisha brashi kavu yenye krimu juujuu.

Shaba, mara ya pili

Sahani ya shaba safi inayosafirishwa ina ukubwa wa kama mita 1 kwa mita 1. Kila fungu hufungwa kwa mikanda ya chuma na huwa na uzito wa tani 2 hadi 2.5. Chukua unene wa sentimita 1 kwa sahani: hiyo ni karibu kilo 90 kila moja, kwa hiyo sahani 28 zinakaribia tani 2.5. Sasa angalia bahati iliyotuangukia. Sentimita 1 ikigawanywa kwa 87 ni milimita 0.11, na karatasi ya kawaida ya kuchapia ofisini ina unene wa milimita 0.1. Karatasi moja, sahani moja.

Kata miraba ya milimita 11.5. Panga 28, uzigundishe kwa tone dogo katikati, na kabla gundi haijashika zisukume kwa kidole ili zisilingane kingo. Unapata fungu la kimo cha milimita 3. Behewa la tani 30 linachukua mafungu 12, mistari miwili ya sita sita, yenye nafasi kati yake na sakafu inaonekana.

Rangi ndiyo iliyonifundisha adabu. Shaba iliyotoka kiwandani haing'ai kama sufuria. Ni ya waridi lililofifia, imekauka, kama matofali yaliyopakwa poda. Baada ya siku za njiani inaelekea kahawia. Kijani usitie, kinachukua muda mrefu kuliko safari ya kilomita 1860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar. Mikanda ni vipande vyembamba vya karatasi iliyopakwa kijivu cha chuma, viwili kila upande.

Magogo, nguzo, kontena

Vijiti vya mpera vina gome laini linalofaa magogo. Gome la miti mingi mingine ni nene mno kwa skeli hii. Gogo la sentimita 60 ni milimita 7. Anika juani wiki mbili kabla ya kutumia, wadudu wanaobungua mbao wasije wakakutolea vumbi mezani.

Nguzo za umeme ziko tayari kwa muuza mishikaki. Kijiti cha milimita 3 ni nguzo ya sentimita 26, kikate milimita 115 upate mita 10. Paka kahawia yenye ukijani, funga kwa uzi, weka mihimili pembeni.

Kontena nunua au chapisha kwenye kadi ngumu. La futi 20 ni milimita 69.6 kwa 28 kwa 29.8, la futi 40 lina urefu wa milimita 140. Changanya rangi, toa mng'ao kwa msasa laini, weka kutu kwenye pembe za chini ambapo mashine hugonga. Hakuna zaidi.

Turubai na kamba

Karatasi ya fedha iliyo ndani ya pakiti ya sigara ni turubai bora kuliko kitambaa, kwa sababu inakunjika na kubaki imekunjika. Ipake kijani kilichopauka upande wa karatasi, ilaze juu ya mzigo, ibonyeze kwa kijiti cha meno ili maumbo ya chini yajitokeze. Katikati ya kamba na kamba iache ishuke kidogo, maana hapo ndipo maji ya mvua hutuama. Tone la vanishi mahali hapo linaonyesha mvua ya jana.

Kamba ya kweli ya sentimita 2 ni uzi wa cherehani kwetu. Upitishe kwenye mshumaa kwanza ili manyoya yalale.

Uzito na majaribio

Chama cha wajenzi wa treni za mfano cha Marekani, NMRA, kinapendekeza kwa HO wakia 1 kisha nusu wakia kwa kila inchi ya urefu wa behewa. Behewa la inchi 6, yaani sentimita 15, linatakiwa liwe na wakia 4, kama gramu 113. Pima kwenye mizani ya jikoni behewa likiwa na mzigo wake. Likipungua ongeza washa, chini kabisa na zikigawanyika sawa mbele na nyuma. Ukiweka uzito juu, behewa litalala kwenye kona ya kwanza.

Kisha litembeze polepole kwenye kona kali kuliko zote ulizonazo na chini ya daraja fupi kuliko yote, kwanza likivutwa, kisha likisukumwa kinyumenyume. Mizigo mingi hufaulu mbele na kushindwa nyuma.

Nilipomaliza behewa langu jipya la shaba nilimwita tena mzee. Mafungu 12, waridi iliyofifia, sakafu inaonekana. Alilitazama kwa muda, mikono nyuma, hakuligusa.

"Hili litafika," akasema. Halafu akainama. "Ila breki zikikamata ghafla, ni nini kitazuia mafungu yako yasitembee? Kabari zake ziko wapi?"

Nilizikata usiku uleule kwa njiti za kibiriti, nne kwa kila fungu.